Wasia wa Yuda wa Bwera

Kasese,
Jumatatu ya Juma Kuu

Mdogo wangu mpendwa Yunia,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, goti limepunguza maumivu, na mvua za huko Maliba hazijaiharibu kahawa uliyoianika. Mimi, ukiniuliza, siko vizuri. Miguu imevimba hadi viatu vimekataa kuingia, na daktari wa Kisinga ameacha kunipangia tarehe ya kurudi. Anasema nije tu nikijisikia vibaya. Nimefundisha shule miaka mingi, najua namna mwalimu anavyozungumza na mwanafunzi ambaye hatafaulu.

Isome barua hii mwenyewe. Usimpe mjukuu wako Ronah akusomee kama ulivyozoea, hata kama miwani inakusumbua. Nimeiandika kwa Kiswahili, lugha tuliyoipata kambini Kilembe kwa baba yetu na wachimbaji wenzake, kwa sababu siku moja utalazimika kuwapa watu wengine waisome, na hao nao wanazungumza lugha hii nyumbani kwao.

Kuna jambo nimekuficha tangu mwanao Semu alipouawa. Badiru wa gari la samaki hakumuuza. Hakusema neno kwa askari, wala kwa mtu mwingine yeyote. Nililijua hilo siku Semu alipokufa, nililijua siku Badiru alipokufa, na nimelijua kila siku tangu hapo.

Najua umeiweka barua chini. Ukiwa tayari, iokote tena, maana sijamaliza.

Ujumbe wako ulinifikia. Ulisema Jumatatu ya Pasaka watu wa Aziz, mtoto wa Badiru, watakuja kwako kumwomba Ronah, na wazee watakuwepo, na unataka neno langu ili uwafukuze mbele ya watu. Mumeo hayupo, na wazee wa upande wake wananisikiliza kwa sababu mimi ndiye niliyemsomesha Semu na baadaye nikamsomesha binti yake. Nikikataa, hakuna atakayebisha. Wazee utawaambia kwamba sababu ni dini, kwamba mjukuu wako aliyebatizwa hataingia nyumba ya Waislamu. Mimi uliniambia sababu yenyewe: mtoto wa aliyeuza hawezi kulala na mtoto wa aliyeuzwa. Ulisema pia kwamba Ronah akimfuata Aziz kwa nguvu utamlaani kwa jina la baba yake, na najua utafanya hivyo, kwa sababu hujawahi kusema neno ukalirudisha.

Kwa hiyo nijibu vizuri. Lakini jibu langu halitaeleweka bila kurudi nyuma kidogo, mpaka Uhispania.

Unakumbuka nilivyoondoka. Mapadri walinipeleka Sevilla nikasome niwe padri, na mama aliuza mbuzi ili ninunue koti la baridi. Uliniuliza mara nyingi kwa nini nilirudi bila upadri, nami nikakwambia ni kifua. Kifua changu kilikuwa kizima. Mkuu wa nyumba aliniita akaniambia kwamba ninapenda kusikilizwa kuliko ninavyopenda kusikiliza, na kwamba mtu wa namna hiyo akiwekwa kwenye kiti cha maungamo atafanya madhara. Nilimchukia mzee yule. Alikuwa amenisoma kama ubao.

Kule niliona Juma Kuu lao. Wanaume waliofunika nyuso kwa vitambaa virefu vyenye ncha walitembea pekupeku wakiburuta minyororo, na sanamu ya Mama wa Yesu ilipitishwa ikiwa na machozi ya kioo, na watu wazima walilia barabarani. Halafu Jumamosi, katika kijiji kimoja nje ya mji, niliona kitu ambacho sikukisahau. Walitengeneza mtu wa majani makavu, wakamvika nguo kuukuu, wakamwita Yuda. Kabla ya kumchoma, mtu mmoja alipanda juu ya meza akasoma wasia wake. Yuda aliwagawia wanakijiji mali yake: huyu ulimi, yule mkono mwepesi, yule macho ya kuchungulia kwa jirani. Kila aliyetajwa alichekwa, na yeye mwenyewe alicheka, kisha Yuda akawaka na watu wakaenda kula. Nilimtazama yule msomaji. Kijiji kizima kilikuwa kimya kikimngoja.

Nilipostaafu ualimu nikahamia Bwera, Faruk mwenye ukumbi wa video alinikuta na shida yangu ileile ya kupenda kusikilizwa. Alikuwa amepata diski za tamthilia za Meksiko zilizokuwa zikizungumza Kihispania kitupu, na hapakuwa na mtu wa kuzitafsiri kuanzia Bwera mpaka Kasese ila mimi. Akaniweka mbele, nyuma yangu jenereta, mkononi kipaza sauti. Unakumbuka ulikuwa ukija siku za soko na kikapu chako, unakaa benchi la mbele, na kuwaambia watu kwamba yule anayezungumza ni kaka yako.

Hadithi zile zilikuwa za majambazi wa unga. Walikuwa wauaji, lakini walisali kuliko sisi. Mtu alipiga magoti mbele ya Bikira, akafanya ishara ya msalaba, akabusu kidole gumba, kisha akatoka kwenda kumpiga mwenzake risasi. Vijana wa Bwera walilipenda busu lile la kidole. Walilifanya kabla ya kupiga penalti, na kabla ya kuingia kwenye chumba cha mtihani. Badiru, ambaye alikuwa Mwislamu na mtu wa mizaha, aliwaambia kwamba Mkristo wa Bwera siku hizi anakula kidole chake kwanza ndipo anywe chai.

Mimi sikutafsiri kama ilivyosemwa, Yunia. Mwanzoni nilifupisha kwa sababu wahusika walisema haraka. Baadaye niliona kwamba nikiongeza, watu wanasogea mbele. Mwanamke akisema ana njaa, mimi nilisema amemwona malaika, kwa kuwa njaa tulikuwa nayo wenyewe na hakuna aliyelipa kiingilio aje kuisikia. Jambazi akisema afunge mlango, mimi nilimpa mahubiri. Na ikafika mahali vijana waliobeba kahawa ya magendo kutoka ng'ambo, Kongo, walianza kuja kwangu kabla ya kuvuka mto Lhubiriha, kama wale wa kwenye tamthilia walivyokwenda kwa padri wao. Nilikuwa na maji yaliyobarikiwa ndani ya chupa ya soda. Niliwanyunyizia, nikasema maneno ya Kilatini, nao wakabusu vidole gumba wakaenda. Semu alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana kila mara nilijua mapema siku watakayovuka na mahali watakapovukia. Badiru naye alijua, kwa sababu aliwangojea upande wetu na gari lake la samaki wa Katunguru, akaificha kahawa chini ya makasha. Wewe ulijua kwamba Semu anavuka, lakini hukutaka kujua njia. Ulisema mama asiyejua hulala.

Sasa nifike kwenye jambo la rimoti. Wewe hukuwepo, ulilisikia tu, na ulilicheka kama wengine.

Semu ndiye aliyegundua kwamba diski zile zina maandishi ya Kiingereza yanayoweza kutokezwa chini ya picha kwa kubonyeza kitufe. Kiingereza nilimfundisha mimi. Alibonyeza kitufe ukumbi ukiwa umejaa, mimi nikiwa katikati ya maneno, akasimama kule nyuma akaanza kusoma kwa sauti. Kisha akasema, na sikumbuki mengine ya siku ile kama ninavyoyakumbuka haya: "Mujomba, huyu mama anasema iko na njaa. Weye unatuambia ameona malaika."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Faruk alicheka mpaka akashika ukuta. Semu hakuwa na ubaya, alikuwa akicheka kama mtoto aliyemkamata babu akiiba sukari. Lakini asubuhi yake nilipopita sokoni, mwanamke wa nyanya aliniamkia akaniuliza kama malaika ameshakula. Baada ya siku chache jina langu lilikuwa Malaika Ana Njaa. Watoto waliozoea kuniamkia kwa heshima waliliita kutoka nyuma ya migomba. Faruk, ambaye hakuwa mtu mbaya, alinieleza kwa adabu kwamba watu sasa wanataka kusikia maneno ya kweli ya filamu, akampa Semu kipaza sauti. Nilihamia benchi la nyuma. Nilikuwa nikimsikiliza mwanao akisoma na kutafsiri, bila kuongeza neno, na watu walikuwa wakisogea mbele.

Kilichonibakia ni Yuda. Tangu mwaka wangu wa kwanza Bwera nilikuwa nimeuleta ule mchezo wa kijijini, na kila Jumamosi Kuu tulimchoma Yuda karibu na soko, nami nilisoma wasia. Unakumbuka tulivyocheka. Danieri wa kinu nilimwachia kidole cha Yuda aendelee kukiweka juu ya mizani. Katekista nilimwachia usingizi. Faruk nilimwachia jenereta inayojua kuzimika pale mhalifu anapokaribia kukamatwa. Hata Waislamu walikuja, wakatoa nguo kuukuu za kumvika yule mtu wa majani, na hakuna aliyewahi kukasirika zaidi ya siku moja.

Semu alikuja kwangu wakati wa Kwaresima kuniomba radhi. Sijawahi kukwambia hili. Alikuja jioni na samaki aliyepewa na Badiru, amemfunga kwa majani, akapiga magoti mlangoni kama ulivyomlea. Alisema hakukusudia kunivua nguo mbele ya watu. Alisema kipaza sauti ni changu, atamrudishia Faruk baada ya Pasaka, kwa kuwa yeye akipata mtaji wa kahawa ya safari hii atafungua duka na kuuacha mto. Nilimwambia yamekwisha. Wenzake walikuwa wakingoja nje. Niliwaita ndani, nikawanyunyizia maji wote, nikasema Kilatini changu. Semu alibusu kidole gumba. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto wa dada yangu, akanibusu na mkono.

Alfajiri yake, siku ya soko, walikuwa katikati ya maji na magunia mgongoni wakati askari waliolala kwenye matete walipoanza kupiga. Wewe ndiye uliyemwosha. Sina haja ya kukueleza alivyokuwa. Kati ya wabebaji wenzake, Ronnie peke yake ndiye aliyefika ukingoni akiwa hai, na Badiru, aliyesikia risasi kutoka garini, alikimbia, na huko kukimbia ndiko kulikomponza baadaye.

Baada ya mazishi Ronnie alikuja nyumbani kwangu. Mkono wake ulikuwa umefungwa na alikuwa amekonda. Hakukaa. Aliniuliza: "Mzee, ile njia ilijuliwa na nani? Sisi, Badiru, na weye. Mutu mwingine hakuna." Nilimwambia aende akapumzike. Aliondoka bila kuaga, na nikaona anavyosimama barabarani akiitazama nyumba yangu. Nilijua atakwenda kuuliza swali lilelile mahali pengine. Pasaka ilikuwa karibu.

Ndipo nikamtengeneza Yuda wa mwaka ule.

Jamidah, mke wa Badiru, alikuja kwangu yeye mwenyewe na koti la mumewe la kaki, lile lenye kiraka cha bluu mgongoni ambacho kila mtu kutoka Katunguru mpaka mpakani alikijua. Alisema limechakaa, kwamba Badiru amekataa kulitupa, na njia pekee ya kumwachisha ni kulichoma. Alicheka akisema hivyo. Ningeweza kuligeuza ndani nje. Ningeweza kukitoa kile kiraka kwa wembe. Nililivika vile lilivyo, na mgongo wake nikauelekeza kwa watu.

Ulikuwa mbele siku ile, na kitambaa cha msiba kichwani. Nilisoma wasia kama kawaida. Nilianza na Danieri na mizani yake, watu wakacheka kidogo, kwa kuwa kulikuwa na makaburi mabichi. Nikampa katekista usingizi. Kisha nikanyamaza, kama yule msomaji wa Uhispania alivyonyamaza, mpaka soko zima likawa kimya. Nikasema: "Na lile busu langu, mimi Yuda ninamwachia mwenye gari la samaki."

Sikutaja jina. Nimejikinga kwa jambo hilo miaka yote hii, kwamba sikutaja jina.

Nilikuona ukiligeukia koti, ukakitazama kile kiraka, na nikajua kwamba kazi yangu imekwisha.

Badiru alikuwa anarudi kutoka Katunguru. Barabara ilikuwa imezibwa na watu, akasimamisha gari, akashuka akitabasamu kama mtu anayekuja kuona mchezo. Alipoliona koti lake alisema Yuda wa mwaka huu amevaa vizuri kuliko yeye. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo mtu aliyasikia, maana yaliyofuata yalikuwa ya kuomba, na ya kuomba hayasikiki katika kelele kama ile. Nilikuwa juu ya meza na kipaza sauti cha Faruk kilikuwa mkononi mwangu. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko ya watu wote. Sikusema kitu.

Niliwaona wakifanya ishara ya msalaba na kubusu vidole gumba kabla ya kurusha. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba ndivyo inavyofanywa. Nilikuona ukiinama. Hukuokota jiwe la kwanza lililokuwa karibu na mguu wako, Yunia. Uliliacha, ukachagua jingine. Kisha nawe ukabusu kidole. Walipomfunga pamoja na yule wa majani, na petroli ikaja, wewe ulikuwa tayari umekaa chini ukilia jina la Semu, na nilishuka mezani nikakushika bega, na watu walisema tazama kaka anavyompenda dada yake.

Polisi waliuliza, na soko zima halikuwa limeona kitu. Padri alipiga marufuku Yuda wa majani, na sheria hiyo nadhani ipo hata leo. Ronnie alivuka akaenda Kongo, akiwa ameridhika kama wengine. Wewe ulirudi Maliba ukaniambia kwamba sasa unaweza kula. Kila nilipokuja kukuona uliniambia tena: angalau damu ya mtoto wangu ililipwa. Ulilisema hilo kwa utulivu, kama mtu anayetaja shamba lake. Nami nilinywa chai yako.

Sasa nikwambie habari za Jamidah, ambazo pia nimekuficha. Alihamia hapa Kasese na mtoto wake Aziz, akapata mahali pa kuuza uji na chapati nyuma ya soko. Katika Wakristo wote wa Bwera mimi peke yangu ndiye niliyekwenda kumpa pole. Nilikwenda ili nionekane nimekwenda. Yeye hakujua hilo, akaniweka moyoni. Tangu miguu ianze kuvimba analeta uji asubuhi, ananitilia maziwa, na wakati mwingine anafua shuka zangu. Anaketi kwenye kigoda na kusema jambo lilelile. Anasema kwamba kama asingeleta lile koti, watu wasingemfananisha mumewe na Yuda. Anasema alimuua yeye, kwa mzaha. Nilikuwa nikimjibu kwamba ni mipango ya Mungu, namwomba aongeze sukari kidogo, naye anafuta macho na kuongeza.

Jamidah alipokuwa na wateja wengi alimtuma Aziz alete uji. Ronah alikuja kuniona likizo akamkuta. Walikutana ndani ya chumba changu, Yunia, mimi nikiwa nimelala kati yao. Nilisikia walivyoanza kusemezana juu ya kitanda changu, mara ya kwanza kuhusu dawa zangu, halafu kuhusu mambo yao. Ronah alimweleza kwamba baba yake aliuawa mtoni. Aziz alimweleza kwamba baba yake alichomwa sokoni. Walijua kila mmoja ni mtoto wa nani, na hawakuondoka. Ronah alimuuliza Aziz kama anaamini kwamba baba yake alisema kwa askari. Aziz alijibu kwamba baba yake alishindwa kuficha hata zawadi ya Idi, asingeweza kuficha kwamba amewauza wenzake. Walicheka kidogo, kisha wakanitazama mimi mzee niliyekuwepo, wakangoja niseme. Nilijifanya nimelala.

Ningeweza kukufa hivyo. Uji ungeendelea kuja. Lakini ujumbe wako ulipofika ukiniomba neno la kumtukana tena Badiru mbele ya mwanawe, nilichukua kalamu nikaandika neno hilo ulilotaka. Liliandikika kwa urahisi sana. Hilo ndilo lililonitisha. Nikalichana, nikaanza barua hii.

Basi neno langu ni hili, uwasomee wazee likiwa na jina langu chini: Ronah aende kwa Aziz. Kuhusu dini, waache wapatane wenyewe, mimi sina haki ya kufundisha mtu dini. Usimlaani kwa jina la baba yake. Na kabla watu hawajakaa, umwite Jamidah pembeni, umwambie kwamba koti lake halikumuua mumewe. Umwambie wewe, kwa sababu mimi nitashindwa. Kama atauliza nani alimuua, mwambie ni watu wawili unaowajua, mmoja aliyesema na mmoja aliyeokota jiwe. Simwombi yeye akusamehe, wala sikuombi unisamehe mimi. Nimekunyang'anya jambo ulilokuwa ukilalia usingizi miaka yote hii, na sina kingine cha kukupa badala yake. Ukiamua kuichoma barua, utaanza kuficha pamoja nami, na utaona jinsi kazi hiyo isivyo ngumu.

Salamu ninaziweka hapa kabla sijamaliza, kwa kuwa yatakayofuata yakishasomwa hutazitaka. Nisalimie majirani wa Maliba, na wale wazee watakaokuja Jumatatu. Msalimie Ronah, mwambie vitabu vyangu ni vyake, hata vile vya Kihispania. Na wewe mwenyewe, mdogo wangu, uliyenibebea mgongoni maji ya kuoga nilipokuwa na malaria kambini, nakusalimu kwa heshima na shukrani, wasingya.

Bado hujaniuliza nani aliwaambia askari, lakini nadhani umeshajua. Ni mimi. Nilikwenda asubuhi ile ambayo jioni yake Semu alikuja kuniomba radhi. Nilikwenda kwa sababu mtoto mmoja aliniita Malaika Ana Njaa nilipokuwa nikitoka kanisani, na watu wazima wakacheka. Ningeweza kuandika kwamba nilidhani watakamatwa tu na kunyang'anywa kahawa. Nilikuwa nimekaa Bwera muda wa kutosha kujua askari hulala kwenye matete kufanya nini.

Afande alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Alisikiliza yote bila kunikatiza, mahali, siku, saa ya kuvuka. Nilipomaliza alifunga mlango, akainama karibu nami, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye wazazi: "Mzee, kuna mutoto wako kati ya hao? Kama yuko, mwambie leo alale nyumbani."

Nikamjibu: "Hakuna, afande."

Kaka yako,
Ezironi